Fedha za Umoja wa Wazazi wa Skuli: Mwongozo Kamili wa Kukusanya, Kuamua, Kulipa na Kukaguana

Mahali ambapo fedha za wazazi huzua ugomvi zaidi ni pale zinapotoka mkononi kabla ya uamuzi wa kuzitoa kuandikwa. Mwenyekiti amekubali kwa simu, mshika fedha ametoa kwa nia njema, fundi amelipwa na bati limepigwa. Miezi sita baadaye mzazi mmoja anasimama mkutanoni kuuliza ni nani aliyeidhinisha, na karatasi ya kumjibu haipo. Mshika fedha, ambaye hakuchukua hata shilingi moja, ndiye anayebaki kusemwa mtaani. Hatua zinazofuata zimepangwa kwanza kwa ajili ya kumlinda yeye, na zinawafaa wazazi wa skuli ya Serikali ya maandalizi, msingi au sekondari, Unguja au Pemba, ambao mfuko wao unapokea baina ya laki chache na milioni chache kwa mwaka.

Hatua ya kwanza: Tenganisheni fedha kabla ya kuzihesabu

Elimu bila malipo ilitangazwa Zanzibar tarehe 23 Septemba 1964. Michango ya wazazi ilirejea baadaye kwa sura mbalimbali, kisha Serikali ikaiondoa tena katika skuli zake, na hali hiyo ina maana ya kivitendo kwa umoja wa wazazi: mchango wenu ni wa hiari. Hakuna mtoto anayerudishwa nyumbani, anayenyimwa mtihani wala anayezuiliwa matokeo kwa sababu mzazi wake hakutoa, na kamati isijiruhusu hata kuandika neno linaloelekea huko katika barua zake kwa wazazi. Kiwango kinachokubaliwa mkutanoni kiitwe ahadi.

Baada ya hapo tambueni kwamba fedha inayozunguka skulini ni ya aina tatu. Ya kwanza ni fedha ya Serikali, inayoingia katika akaunti ya skuli na kusimamiwa na mwalimu mkuu pamoja na kamati ya skuli kwa taratibu za Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali. Hiyo si yenu, na haifai kuazimwa hata kwa siku moja ili kukamilisha jambo la wazazi. Ya pili ni michango ya wazazi wenyewe, ambayo mkutano wa wazazi una uhuru wa kuiamulia. Ya tatu ni fedha iliyotolewa kwa shabaha maalumu: mfadhili amesema ni ya vikalio, Mwakilishi au Mbunge ametoa kwa ajili ya banda la madarasa, mfanyabiashara ameleta zaka.

Aina hii ya tatu ndiyo inayowatia watu katika matatizo bila kukusudia. Zaka ina wenyewe, kwani aya ya 60 ya Sura ya Tawba imetaja makundi manane yanayostahiki, na saruji ya ukuta haimo. Iwapo mtu ameleta zaka, inaweza kumfikia mwanafunzi fakiri kwa sare, viatu au madaftari, lakini isiingizwe katika mfuko wa jumla na kusahauliwa. Mtoaji asipofafanua, aulizwe palepale kama anachotoa ni zaka, sadaka au mchango wa kawaida, na jibu lake liandikwe kwenye stakabadhi. Kila fedha yenye sharti ipewe ukurasa wake katika daftari, hata kama zote zimelala katika akaunti moja ya benki.

Kuna jambo dogo kuhusu jina la chombo chenu. Msijiite Jumuiya ya Wazazi, kwa sababu jina hilo ni la jumuiya ya Chama cha Mapinduzi, na mzazi wa chama kingine ataona ameombwa kuchangia siasa. "Umoja wa Wazazi wa Skuli" likifuatiwa na jina la skuli linatosha. Kwa sababu hiyo hiyo, kiongozi wa chama chochote anayetoa msaada apewe stakabadhi sawa na mzazi aliyetoa elfu mbili, wala bendera isining'inizwe siku ya makabidhiano.

Hatua ya pili: Andikeni katiba fupi inayojibu maswali ya fedha

Katiba ya kurasa mbili au tatu inatosha, mradi iseme nani ni mwanachama, mkutano mkuu hufanyika mara ngapi, akidi ni watu wangapi, viongozi hukaa muda gani, na zaidi ya yote ni nani anayeweza kuidhinisha kiasi gani. Mfano wa mipaka inayofaa mfuko mdogo ni huu: hadi shilingi 50,000 mwenyekiti na mshika fedha waidhinishe pamoja na kuarifu kikao kinachofuata, zaidi ya hapo hadi 500,000 iamuliwe na kikao cha kamati chenye akidi, na kinachozidi 500,000 kipelekwe kwenye mkutano mkuu. Ongezeni kifungu kinachokataza kugawa ununuzi mmoja vipande viwili au vitatu ili kukwepa mpaka, kwa maana hilo ndilo jambo la kwanza ambalo watu wenye haraka hulifanya.

Katika vijiji vyetu karibu kila mtu ni ndugu wa mwenzake, hivyo sharti la kwamba viongozi wasiwe na udugu haliwezi kutekelezeka, na sharti lisilotekelezeka huzoesha watu kupuuza mengine. Semeni wazi mnachokizuia: mume na mke, mzazi na mtoto, ndugu wa tumbo moja na wakwe wasiwe pamoja miongoni mwa watia saini wa akaunti, wala mmoja wao asiwe mkaguzi wa hesabu za mwenzake. Udugu wa mbali zaidi ya huo uachwe.

Mwalimu mkuu ahudhurie vikao kama mshauri, kwa kuwa yeye ndiye anayejua mahitaji ya skuli, lakini maoni yangu ni kwamba asitie saini kwenye akaunti ya wazazi: anahamishwa wakati wowote, tayari anawajibika kwa fedha ya Serikali, na walimu walio chini yake hawatakuwa na uhuru wa kumhoji. Sheha naye aalikwe kwenye mkutano mkuu kushuhudia, bila kukabidhiwa fedha. Kama mnataka umoja uwe na hadhi ya kisheria ya kujitegemea, utasajiliwa kwa Mrajis wa jumuiya. La sivyo, katiba ipitishwe na mkutano mkuu na nakala yake ihifadhiwe na kamati ya skuli, ili ijulikane kwamba umoja unafanya kazi chini ya kivuli chake.

Hatua ya tatu: Chagueni pa kuweka fedha

Akaunti ya benki kwa jina la umoja, yenye watia saini watatu ambao wawili wao lazima wasaini kila fedha inapotoka, ndiyo njia iliyo salama zaidi. Benki itataka kuona katiba, mukhtasari wa kikao kilichoamua kufungua akaunti na kuwachagua watia saini, vitambulisho vyao na picha, na huenda ikataka barua ya sheha au ya skuli. Ulizeni orodha kamili kabla ya kusafiri, kwani nauli ya watu watatu kutoka Makangale hadi Wete au Chake Chake si ya kutumiwa mara nne. Wazazi wengi watauliza kuhusu riba, na suala hilo lina jawabu: Benki ya Watu wa Zanzibar ina huduma za Kiislamu za Ikhlas, na CRDB ina Al Barakah. Ulizeni pia makato ya kila mwezi, kwa sababu mfuko wa laki tatu unaweza kuliwa polepole na makato bila mtu kuugusa.

Fedha kwa njia ya simu ni rahisi kwa kupokea, lakini hatari yake iko wazi: laini husajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mmoja, na namba ya siri huwa kichwani mwa mtu mmoja. Kama hamna budi, laini iwe ya shughuli hii peke yake, mshika laini asiwe ndiye mwandishi wa daftari, na salio likifika kiwango mlichokubaliana, kwa mfano 100,000, lihamishiwe benki ndani ya wiki. Huduma za simu zilizotengenezwa kwa vikundi, kama M-Koba, ambazo haziruhusu fedha kutoka mpaka wanakikundi walioteuliwa wakubali, ni bora kuliko laini ya mtu binafsi. Lipa Namba nayo inafaa, kwa vile mzazi anaona jina la mpokeaji kabla ya kuthibitisha.

Fedha taslimu zibaki kidogo sana. Wanawake waliopo katika vikundi vya hisa vya kuweka na kukopa wanalijua vizuri kasha la kufuli tatu, ambalo funguo zake hukaa kwa watu watatu tofauti na kasha lenyewe kwa mtu wa nne. Utaratibu huo unaweza kuchukuliwa kama ulivyo, kwa kiasi kisichozidi 50,000 cha matumizi madogo madogo.

Hatua ya nne: Tengenezeni bajeti inayofuata msimu

Kosa la kawaida katika bajeti za wazazi ni kuzidisha idadi ya wazazi kwa kiwango cha ahadi na kuamini jibu. Chukueni skuli ya mfano yenye familia 240, ahadi ikiwa 5,000 kwa muhula na mihula ni miwili. Hesabu ya karatasini ni 2,400,000. Lakini iwapo daftari la mwaka uliopita linaonesha kwamba familia 156 tu, yaani asilimia 65, ndizo zilizotimiza, basi mapato ya kupangia ni 1,560,000, na chochote kitakachozidi kiitwe ziada na kiamuliwe kikiwa kimeshafika mkononi. Fedha hiyo inaweza kugawanywa hivi: kambi ya watahiniwa wa kidato cha nne 600,000, matengenezo ya vikalio 480,000, vyoo 240,000, dharura 156,000, na uendeshaji wa umoja wenyewe, yaani madaftari, nauli na makato, 84,000. Fungu la uendeshaji lisionewe haya. Mshika fedha anayelipa nauli ya kwenda benki kutoka mfukoni mwake ataanza kuirejesha kimyakimya, na hapo ndipo hesabu inapoanza kupinda.

Tarehe ya kukusanya ina uzito sawa na kiwango. Pemba, familia inayotegemea karafuu ina fedha wakati wa uchumaji, na mavuno hupanda na kushuka mwaka hadi mwaka, hivyo bajeti iliyojengwa juu ya mwaka wa karafuu nyingi itavunjika mwaka unaofuata. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza na kupumzika wakati wa mbalamwezi. Januari wazazi wanalipia sare na madaftari, na katika siku za mwisho za Ramadhani kila shilingi imeshapewa nguo ya Sikukuu, kwa hiyo kuitisha mchango nyakati hizo ni kujitafutia orodha ndefu ya wasiolipa. Mruhusu mzazi kutoa kidogo kidogo, na pia atoe vitu au kazi: mfuko wa saruji, mzigo wa kuni kwa ajili ya kambi, siku mbili za kubeba matofali. Vyote viandikwe katika daftari la vitu pamoja na tarehe, jina, kipimo na thamani iliyokubaliwa, ili aliyechangia jasho asihesabiwe kuwa hakutoa.

Hatua ya tano: Pokeeni kwa stakabadhi, bila kumwaibisha mtu

Kitabu cha stakabadhi kiwe na namba zilizochapishwa na nakala ya kaboni. Kila darasa liwe na mpokeaji mmoja mwenye kitabu chake, na akabidhi fedha kwa mshika fedha kila Ijumaa au siku nyingine iliyokubaliwa, ambapo mshika fedha naye anamwandikia stakabadhi ya jumla. Stakabadhi iliyoharibika ichorwe msalaba na ibaki kitabuni. Ukurasa uliochanwa ndio wa kwanza kuulizwa na mkaguzi. Fedha iliyopokewa isitumiwe kabla ya kuingia katika akaunti au kasha, hata kama kuna fundi mlangoni anayedai elfu kumi tu.

Majina ya wasiotoa yasibandikwe ukutani wala kutumwa katika kundi la simu la wazazi. Katibu awe na orodha yake na azungumze na mtu faraghani. Kila umoja unahitaji kifungu kinachompa mwenyekiti na mjumbe mmoja mwanamke mamlaka ya kumsamehe mzazi asiye na uwezo bila kulitaja jina lake kikaoni.

Hatua ya sita: Amueni matumizi kwa maandishi

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi. Kila pendekezo la matumizi liletwe kwa karatasi ya ukurasa mmoja inayotaja kinachotakiwa, sababu, watoto wangapi watafaidika, gharama yote hadi kukamilika, gharama itakayofuata baadaye, na nani atasimamia. Swali la gharama itakayofuata ndilo linaloua mapendekezo mabaya. Mashine ya fotokopi kwa ajili ya mitihani ya majaribio inavutia sana inapotajwa mkutanoni, na bei yake huenda ikafikika, lakini wino, karatasi, umeme na fundi wa kuitengeneza ikikwama vitalipwa na nani mwaka wa pili? Skuli nyingi zina mashine moja iliyofunikwa kitambaa katika kona ya ofisi. Inawezekana kwamba kulipia nakala dukani kwa miaka mitatu ni nafuu zaidi, na kamati haitajua mpaka ikae chini na kupiga hesabu hiyo.

Kwa ununuzi unaozidi 100,000 tafuteni bei kutoka maduka matatu, kwa profoma iliyoandikwa, yaani hati ya bei inayotolewa kabla ya kununua, na hakikisheni kwamba bei zote tatu ni za kitu kile kile. Bati la geji 30 litakuwa rahisi kuliko la geji 28 kwa sababu ni jembamba zaidi, na karibu na bahari bati jembamba huliwa na chumvi mapema. Saruji ya daraja la 32.5 na ya 42.5 zote huja katika mfuko wa kilo 50, lakini ya pili ndiyo inayofaa zaidi kwa zege la nguzo na linta. Msipoandika geji, daraja na urefu, mtalinganisha bei zisizolingana na kumchagua muuzaji wa kitu hafifu mkiamini mmeokoa fedha. Bei ya chini isiwe sharti la lazima. Sababu ya kumwacha mwenye bei ya chini iandikwe tu katika mukhtasari, kwa mfano kwamba yeye hafikishi mzigo skulini.

Mara nyingi muuzaji ni mmoja wa wajumbe, au ni shemeji wa mwenyekiti, na pengine ndiye mwenye duka pekee la vifaa katika eneo lote. Si lazima kumkataa. Aseme uhusiano wake kabla ya mjadala, atoke nje wakati wa kuamua, na mukhtasari uoneshe kwamba alitoka na kwamba bei nyingine zilitazamwa.

Mukhtasari wa uamuzi uwe na sentensi kamili inayoweza kusomwa na mtu asiyekuwepo: "Kikao kimeamua kununua mabati 24 ya geji 28, urefu wa futi 10, kwa bei isiyozidi kiasi kilichotajwa, kutoka duka lililotajwa, kwa fungu la matengenezo, msimamizi ni mjumbe fulani, waliokubali ni 7, aliyepinga ni 1." Aliyepinga atajwe kwa idadi na sababu yake iandikwe, kwa sababu mara nyingine ndiye atakayekuwa sahihi. Mukhtasari usainiwe siku hiyo hiyo, kabla watu hawajaondoka kwenda kuswali Magharibi.

Dharura ina njia yake. Upepo ukiezua paa la darasa usiku, mwenyekiti, mshika fedha na mjumbe mmoja wanaweza kutoa kutoka fungu la dharura hadi kiwango kilichowekwa, kwa sharti kwamba waandike sababu siku ile ile na kuita kikao ndani ya siku saba. Kambi ya mitihani si dharura, kwani tarehe ya mtihani inajulikana mwaka mzima.

Kambi yenyewe inastahili hesabu ya peke yake, maana chakula ndicho kinachopotea kwa urahisi zaidi. Wanafunzi 40 wakila mchana kwa siku 20, kwa gramu 150 za mchele kila mmoja, wanahitaji kilo 6 kwa siku na kilo 120 kwa kambi nzima. Kwa bei ya mfano ya 2,800 kwa kilo ni 336,000. Maharage kwa gramu 50 ni kilo 40, na kwa 3,000 ni 120,000. Mafuta, nazi, chumvi na kuni vikitengewa 144,000, jumla inafika 600,000. Mchele utolewe stoo kila asubuhi kwa kupimwa na kusainiwa na mtu wa stoo na mpishi, kulingana na waliohudhuria: siku wakija 32, kinachotoka ni kilo 4.8, na tofauti inabaki katika polo. Mtu akikubali kwamba "tumepika tu kama kawaida", kambi itakwisha mchele siku ya kumi na saba.

Hatua ya saba: Lipeni kwa hati

Kila malipo yawe na hati ya malipo yenye namba, tarehe, jina la mlipwaji, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, fungu la bajeti, namba ya mukhtasari ulioidhinisha, na saini mbili. Nyuma yake ibandikwe risiti. Dukani daini risiti ya kielektroniki inayotambuliwa na Mamlaka ya Mapato Zanzibar, na pesa ihamishwe kutoka akaunti ya umoja kwenda kwa muuzaji moja kwa moja, ili isipite mfukoni mwa mtu. Fundi au mpishi asiye na risiti aandike au aandikiwe hati ya kukiri kupokea, yenye namba yake ya simu, saini au dole gumba, na saini ya shahidi. Waislamu miongoni mwenu wanajua kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Sura ya Baqara, inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi, hivyo hakuna mzee atakayesema kwamba karatasi ni dharau.

Fundi wa ujenzi asilipwe fedha yote mwanzoni. Mkataba wa ukurasa mmoja utaje kazi, muda na malipo kwa awamu, kwa mfano theluthi anapoanza na vifaa viko mahali, theluthi kazi ikifika nusu, na iliyobaki baada ya kukaguliwa, huku asilimia 10 ikizuiliwa kwa mwezi mmoja ili kuona kama paa linavuja. Umoja ununue vifaa wenyewe na fundi alipwe ufundi. Kuhusu mchanga, uchimbaji wake Zanzibar unadhibitiwa na hufanyika kwa kibali, kwa hiyo ulizeni kibali cha lori kabla ya kupokea mzigo. Skuli isiwe mahali pa kushusha mchanga uliochimbwa kinyume cha sheria.

Hatua ya nane: Andikeni na mlinganishe kila mwezi

Daftari moja la fedha lenye safu za tarehe, maelezo, namba ya stakabadhi au hati, kilichoingia, kilichotoka na salio linatosha, na hakuna haja ya kompyuta. Kazi ya lazima ni kulinganisha mwisho wa mwezi. Mfano: salio la kuanzia ni 312,000, mapato 426,000, matumizi 285,500, makato ya benki na simu 4,500, salio la daftari ni 448,000. Kisha angalieni fedha ilipo: benki 391,000, simu 42,000, kasha 15,000, jumla 448,000. Zikilingana, mshika fedha na katibu wasaini chini ya mstari. Zisipolingana, hata kwa 500, msiongeze 500 kutoka mfukoni kufunika. Tafuteni, na mkishindwa kuipata, andikeni tofauti hiyo kama ilivyo.

Hatua ya tisa: Toeni taarifa kwa wakati ambao watu wanaweza kuja

Taarifa ya ukurasa mmoja ibandikwe kwenye ubao wa skuli kila muhula, ikionesha mapato, matumizi kwa kila fungu, salio na mahali lilipo, na isomwe kwa sauti mkutanoni kwa wale wasiosoma. Saa ya mkutano iangaliwe. Katika maeneo ya mwani, kama Micheweni au Paje, kina mama wako pwani wakati wa bamvua maji yanapokupwa sana, kwa hiyo mkutano uwekwe wakati wa maji mafu, baada ya Alasiri. Vinginevyo akidi itatimizwa na wanaume wachache na maamuzi yatapingwa na wale wanaochangia zaidi.

Hatua ya kumi: Kagueni, na mjue la kufanya fedha ikipungua

Wakaguzi wawili wasio wajumbe wa kamati wachaguliwe na mkutano mkuu. Mwalimu mstaafu au karani wa ushirika anafaa sana. Wachukue hati kumi bila kupangiwa, wafuate kila moja hadi kwenye mukhtasari, risiti na kitu chenyewe. Kama hati inasema vikalio 30 vimetengenezwa, waingie madarasani kuvihesabu. Wapige simu kwa wauzaji wawili kuuliza bei waliyopokea. Wahesabu stakabadhi zote kwa namba, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho.

Upungufu ukionekana, kamati itofautishe mambo matatu kabla ya kutamka neno lolote: kosa la hesabu, kuazima, na ubadhirifu. Kuazima ndiko kunakotokea zaidi: mtoto wa mshika fedha ameugua usiku, fedha ilikuwa ndani, na nia ilikuwa kurudisha. Hata hivyo ni kosa, na utaratibu wake uwe maandishi yenye tarehe ya kurudisha na mashahidi wawili, mhusika kuachia funguo na saini siku hiyo hiyo, na mkutano mkuu kuarifiwa kiasi. Mtu akikana au kiasi kikiwa kikubwa, suala lipelekwe Polisi au kwa Mamlaka ya Kuzuia Rushwa na Uhujumu Uchumi ya Zanzibar, ZAECA, pamoja na nakala za hati. Nakala, kwa sababu asili zibaki kwenu mpaka zitakapodaiwa rasmi kwa maandishi.

Hatua ya kumi na moja: Makabidhiano

Kamati mpya isipokee kwa mdomo. Siku ya makabidhiano, mbele ya sheha na mwalimu mkuu, zihesabiwe fedha za kasha, isomwe taarifa ya benki ya siku hiyo au ya jana yake, na iandaliwe orodha ya madaftari, vitabu vya stakabadhi vilivyotumika na vipya, mikataba inayoendelea, madeni, ahadi za wafadhili na vitu vya umoja kama masufuria ya kambi. Pande zote mbili zisaini kila ukurasa. Ndani ya wiki mbili watia saini wa zamani na wapya waende benki pamoja wakiwa na mukhtasari wa uchaguzi kubadilisha saini, laini ya simu ihamishwe usajili na namba ya siri ibadilishwe, na kufuli za kasha zinunuliwe mpya kutoka fungu la uendeshaji. Hadi hayo yatakapokamilika, malipo yoyote yasubiri.